Saini Milioni Moja na Majaji Watano: Kisa cha BBI Nchini Kenya

Jumanne ya tarehe 11 Mei 2021, Seneti ya Kenya iliupitisha mswada wa kubadilisha Katiba uitwao BBI (Building Bridges Initiative, mpango wa kujenga madaraja) kwa kura 51 dhidi ya 12. Siku tano kabla, Bunge la Taifa lilikuwa limeupitisha kwa kura 224 dhidi ya 63. Kabla ya hapo mabunge ya kaunti zaidi ya 40 kati ya 47 yalishaukubali. Rais Uhuru Kenyatta aliutaka. Raila Odinga, mshindani wake wa miaka mingi, aliutaka pengine kumshinda, na mkutano baada ya mkutano aliwaambia wafuasi wake kwamba hakuna wa kuizuia rege, yaani BBI. Kilichobaki ni kura ya maoni.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo rege ikazimwa. Majaji watano wa Mahakama Kuu jijini Nairobi, Joel Ngugi, George Odunga, Jairus Ngaah, Teresia Matheka na Chacha Mwita, walipokezana kusoma hukumu saa baada ya saa mpaka giza likaingia. Wakati huo kulikuwa na kafyu ya korona, saa nne usiku kila mtu awe ndani, kwa hiyo Wakenya wengi tuliisikiliza majumbani, simu imechomekwa kwenye chaja isije ikazima kabla ya neno la mwisho. Neno la mwisho likawa zito: mchakato wote, tangu ulipoanza, ulikuwa kinyume cha Katiba. Tume ya uchaguzi ikazuiwa kuandaa kura ya maoni. Rais, wakasema, alivunja Katiba na angeweza kushtakiwa binafsi akiwa bado madarakani.

Kesho yake swali lililozagaa, kwenye matatu na kwenye vipindi vya redio, lilikuwa moja. Watu watano wasiochaguliwa na yeyote wamezuiaje jambo lililokubaliwa na Rais, kiongozi wa upinzani, Bunge, Seneti na kaunti karibu zote? Wapo waliojibu kwamba majaji wamepora mamlaka ya wananchi. Nimekisoma kisa hiki tena na tena tangu siku ile, na jibu hilo silikubali. Mamlaka yale majaji walikabidhiwa, tena kwa mikono ya wengi, na baadhi ya mikono hiyo ni ya hao hao waliolalamika.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru na Raila walitoka kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya Rais jijini Nairobi, wakapeana mikono mbele ya kamera. Nchi ilikuwa imetoka kwenye mwaka mbaya. Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais wa Agosti 2017, Raila akasusia marudio ya Oktoba, damu ikamwagika, na Januari 2018 akajiapisha kuwa rais wa wananchi katika bustani ya Uhuru Park. Handisheki ile iliwapa watu pumzi, na sitaki kuidharau. Kulikuwa na wazazi Kisumu na Kibra waliokuwa wamezika watoto, na kwao utulivu haukuwa neno la siasa tu.

Lakini handisheki ikazaa kikosi kazi, kikosi kazi kikazaa ripoti, na ripoti ikazaa mswada wa kubadilisha Katiba. Ndani yake kulikuwa na Waziri Mkuu na manaibu wawili, maeneo bunge mapya 70 juu ya yale 290, mgao wa kaunti kupandishwa hadi asilimia 35 ya mapato, na hazina ya maendeleo ya wadi. Kulikuwa pia na ofisi mpya ya kupokea malalamiko dhidi ya majaji, ambayo mkuu wake angeteuliwa na Rais. Yaani majaji waliousoma mswada huu walikuta kipengele kinachogusa uhuru wao wenyewe.

Sasa angalia kilichotokea Bungeni. Mfumo wetu unategemea kwamba serikali ikipendekeza jambo, kuna mtu kwenye viti vya upande wa pili atakayeuliza bei yake. Baada ya handisheki, mtu huyo alihamia upande wa serikali. Kiongozi wa walio wachache na kiongozi wa walio wengi wakawa wanaimba wimbo mmoja. Naibu Rais William Ruto na watu wake walipinga, lakini wengi wao walikuwa wameshapokonywa uongozi wa kamati na nyadhifa za chama. Kwenye kaunti, Februari 2021, mswada ukiwa mezani mwao, wawakilishi wadi waliidhinishiwa ruzuku ya magari ya shilingi milioni 2 kila mmoja. Baringo na wengine wachache waliukataa. Mabunge mengi yaliupitisha mbiombio, mengine kwa siku moja.

Hapo ndipo mkono wa kwanza ulipowakabidhi majaji mamlaka. Siasa iliposafisha uwanja wake wote wa ndani, upinzani haukufa. Ulitafuta chumba kingine, na chumba pekee kilichokuwa wazi kilikuwa Mahakama Kuu ya Milimani, Nairobi.

Waliobisha hodi hapo walikuwa raia. Kesi nane ziliunganishwa, na moja kati yake iliwasilishwa na mwanauchumi David Ndii pamoja na Jerotich Seii, James Ngondi, Wanjiru Gikonyo na Ikal Angelei. Hakuna kati yao aliyekuwa na kiti Bungeni. Hakuna aliyedai kwamba BBI imemchukulia shamba au kumfukuza kazi. Walisema tu kwamba Katiba ni yao na inavunjwa.

Ili uone uzito wa jambo hilo, nenda hadi mwaka 1989. Chama tawala cha KANU, kupitia kampuni yake ya magazeti, kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katikati ya Uhuru Park, bustani ambayo wakazi wa Nairobi hupumzikia Jumapili. Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia. Mahakama haikufika hata kwenye hoja ya bustani. Ilimwambia kwamba hana haki ya kushtaki, kwa sababu yeye binafsi hajadhurika kuliko mwananchi mwingine yeyote, na mwenye haki ya kusema kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu. Mwanasheria Mkuu alikuwa mtu wa serikali ile ile. Kesi ikatupwa. Jumba lile lilikuja kuzuiwa na kelele za dunia na wafadhili kujitoa. Sheria haikuwa na mkono.

Mlango huo uliofungwa mbele ya uso wa Wangari ndio Wakenya walioufungua kwa kura yao wenyewe tarehe 4 Agosti 2010, takriban asilimia 67 wakisema ndiyo. Kifungu cha 22 na cha 258 cha Katiba mpya vinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba yake, kwa niaba ya wengine, au kwa maslahi ya umma, kudai kwamba Katiba imevunjwa au inatishiwa kuvunjwa. Kifungu cha 165 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuamua kama jambo lolote lililofanywa kwa jina la sheria linapatana na Katiba. Soma maneno hayo polepole: jambo lolote. Hakuna jaji aliyeyaandika kwa siri usiku. Tuliyapigia kura tukiwa na kumbukumbu ya miaka ambayo mahakama ilikuwa inaitika Ikulu inapoita.

Kwa hiyo mkono wa pili ni wetu sisi. Hili nalisisitiza kwa sababu ukisikia mwanasiasa analia kwamba majaji wanaingilia siasa, mara nyingi anailalamikia Katiba ila hathubutu kuitaja.

Hukumu yenyewe ilisimama juu ya swali ambalo mtoto wa shule angelielewa: wazo hili ni la nani? Katiba ya Kenya ina njia mbili za kurekebishwa. Njia moja inaanzia Bungeni. Nyingine, ya kifungu cha 257, inaanza kwa wananchi, na sharti lake ni saini za wapiga kura wasiopungua milioni 1. Rais hatajwi kama mwanzilishi katika yoyote kati ya hizo mbili. BBI ilipitia njia ya wananchi. Sekretarieti yake, iliyoongozwa na Dennis Waweru na mbunge Junet Mohamed, ilipeleka saini kwa mamilioni, na tume ikathibitisha milioni 1.14.

Majaji hawakutosheka na hesabu ya saini. Walifuata karatasi. Mei 2018, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali: Rais anaunda kikosi kazi. Januari 2020, tangazo jingine: Rais anaunda kamati ya kusimamia utekelezaji, na miongoni mwa kazi zake ni kupendekeza mabadiliko ya sheria na ya Katiba. Ripoti inakabidhiwa Rais. Mswada unatoka kwenye ripoti. Ndipo, mwisho kabisa, mwananchi anapewa kalamu aweke saini. Wakenya tuna jina la mwananchi wa kawaida, Wanjiku, na picha niliyobaki nayo ya hukumu ile ni ya Rais aliyevaa leso ya Wanjiku akapanga foleni ya Wanjiku. Njia ya wananchi iliwekwa ili watu waweze kuwapita viongozi wasiosikia. Kiongozi akiitumia, basi anaanzisha mchezo yeye, anaupigia kampeni kwa mali ya serikali, kisha anarudi kuwa mwamuzi wa kuutia saini.

Hapo nasimama na majaji bila kusita.

Ila hawakuishia hapo. Walichukua hatua kubwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyowapa wakosoaji wao mawe ya kurusha. Walisema Katiba ya Kenya ina muundo msingi, yaani nguzo ambazo hata Bunge na kura ya maoni ya kawaida haviwezi kuzing'oa. Nadharia hiyo ilipata umaarufu India tarehe 24 Aprili 1973 katika kesi ya Kesavananda Bharati, iliyoamuliwa na majaji 13, saba dhidi ya sita. Kenya nayo ilikuwa na mbegu yake: mwaka 2004, katika kesi ya Mchungaji Timothy Njoya, Mahakama Kuu ilisema Bunge linaweza kurekebisha Katiba lakini haliwezi kuifuta na kuandika nyingine, kwa kuwa uwezo huo ni wa watu wenyewe. Mwaka 2021 majaji watano wakaikuza mbegu hiyo ikawa mti. Anayetaka kugusa nguzo, walisema, apitie hatua nne: elimu kwa umma, ushirikishwaji wa umma, bunge la katiba, kisha kura ya maoni.

Hatua nne hizo hazimo ndani ya Katiba kwa mpangilio huo. Mimi ninayeipenda hukumu ile nalazimika kulisema. Kifungu cha 255 kimeshataja mambo mazito ambayo hayabadiliki bila kura ya maoni: mamlaka ya wananchi, haki za binadamu, muhula wa Rais, uhuru wa mahakama, ugatuzi. Kikaweka na vipimo vya kura. Wananchi walikwisha kujenga ua wao. Majaji walipojenga ua wa pili nje ya ule wa kwanza, swali la nani aliwapa lilipata jibu dhaifu kuliko walivyostahili. Maana nguzo zisizoandikwa huhesabiwa na nani? Na jaji. Huongezwa na nani? Na jaji. Siku majaji wabaya wakikalia viti hivyo, ua huohuo utawafungia nje wananchi wanaotaka mema.

Mahakama ya Rufaa ilitoa uamuzi tarehe 20 Agosti 2021, majaji saba chini ya Daniel Musinga, siku nzima ya kusoma hadi usiku tena. Kwa sehemu kubwa wakakubaliana na Mahakama Kuu, pamoja na ule muundo msingi, ingawa Jaji Fatuma Sichale alitofautiana na wenzake kwenye hoja kadhaa. Sitakaa sana hapo, kwa sababu kazi ya kupima upya ilifanyika ngazi ya juu.

Mahakama ya Juu, ikiongozwa na Jaji Mkuu Martha Koome, ilisikiliza rufaa Januari 2022 na kutoa hukumu tarehe 31 Machi. Maswali saba. Juu ya muundo msingi, majaji sita dhidi ya mmoja, Mohamed Ibrahim, walisema haufai Kenya, kwa kuwa ulinzi ulioandikwa unatosha. Juu ya kumshtaki Rais, wote walisema kesi ya madai haiwezi kufunguliwa dhidi yake akiwa madarakani kwa mambo aliyoyafanya kwa wadhifa wake. Juu ya maeneo bunge 70, wengi wao walisema ni batili, maana umma haukushirikishwa kwenye kipengele hicho. Na juu ya lile swali la kwanza, wazo ni la nani, sita dhidi ya mmoja, mara hii Njoki Ndung'u akiwa upande wake peke yake, walisema Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia ya wananchi. BBI ikazikwa.

Siku ile baadhi ya marafiki zangu walihuzunika, wakaona Mahakama ya Juu imeirudisha nyuma ile ya chini. Mimi naona ilifanya kazi ngumu zaidi. Ilikataa mamlaka ambayo ilikuwa imeletewa mezani ikiwa imeshapikwa na kupakuliwa. Ingeweza kusema, ndiyo, sisi ndio walinzi wa nguzo zisizoandikwa, na hakuna ambaye angeikatia rufaa. Ikachagua kusimama juu ya maneno ambayo raia anaweza kuyafungua na kuyasoma mwenyewe, na kwa maneno hayo machache ikamzuia Rais na mshirika wake. Huwezi kuiambia mahakama ya namna hiyo kwamba imejipa mamlaka.

Lakini unyenyekevu wa jaji nao una mpaka wake, na jirani zetu Watanzania wanaujua. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu ya Tanzania kwenye suala la mgombea binafsi, Bunge likabadilisha Katiba kumfungia njia, akarudi mahakamani akashinda tena. Juni 2010 Mahakama ya Rufaa, majaji saba, ikasema hilo ni suala la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Ni Bunge lilelile lililofunga njia. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko hapohapo Tanzania, jijini Arusha, ikasema haki za Mtikila zimevunjwa. Mtikila alifariki 2015, na mgombea binafsi bado haruhusiwi. Kwa hiyo anayesema majaji wakae mbali na siasa kabisa, na atuambie Mtikila angekwenda wapi.

Kuna bei, nayo hulipwa na watu wenye majina. Tarehe 1 Juni 2021, wiki mbili na siku chache baada ya hukumu ya kwanza, Rais alihutubia sherehe za Madaraka huko Kisumu na kuisema Mahakama waziwazi, akitaja kufutwa kwa uchaguzi wa 2017 na kuzuiwa kwa BBI kama mambo mawili ya mkondo mmoja. Siku mbili baadaye aliteua majaji 34 kutoka kwenye orodha ambayo Tume ya Huduma za Mahakama ilikuwa imempelekea tangu 2019. Sita aliwaacha. Kati ya hao sita, miongoni mwa wanne waliotakiwa kupanda Mahakama ya Rufaa, walikuwemo George Odunga na Joel Ngugi, wawili wa wale watano.

Serikali ilisema ina mashaka na uadilifu wa sita hao. Katiba haimpi Rais nafasi ya kuchambua orodha hiyo kama mchele, na mahakama zilisema hivyo zaidi ya mara moja. Hakuteua. Jaji Mkuu aliomba. Hakuteua. Odunga na Ngugi wakaendelea kusikiliza kesi Mahakama Kuu mwaka mzima na zaidi, kila asubuhi kanzu ileile, huku wenzao wa orodha moja wakiwa wameshapanda. Jaji kijana aliyeangalia hayo hakuhitaji kupigiwa simu na mtu ili ajue hukumu ya namna gani inacheleweshea mtu cheo. Nikiambiwa nitaje sehemu moja ya kisa hiki inayoniuma, ni hiyo.

William Ruto aliapishwa kuwa Rais tarehe 13 Septemba 2022, na sita hao wakaapishwa kesho yake. Ruto ndiye aliyekuwa upande ulioipokea hukumu ya 2021 kwa kumshukuru Mungu hadharani. Ndii akawa mshauri wake wa uchumi. Haikupita miaka miwili: Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema ada ya nyumba iliyokatwa kwenye mishahara ni kinyume cha Katiba, na Januari 2024 Ruto akasimama kwenye mikutano ya hadhara akiwashutumu majaji kwa kula rushwa na kuhujumu miradi ya serikali. Chama cha mawakili kikaandamana. Machi, Bunge likapitisha sheria mpya ya ada ileile.

Na mwishoni mwa 2023, serikali na upinzani walipoketi tena kwenye mazungumzo ya maridhiano katika ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, ripoti yao ilitoka na ofisi mpya ndani yake: kiongozi rasmi wa upinzani, na Waziri mwenye Mamlaka Makuu aingizwe kwenye sheria. Ukiisoma utaiona BBI imechungulia. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeagiza karatasi za saini. Ripoti ilipelekwa Bungeni.